Mashine Iliyongoja Kujibiwa Salamu

Mwalimu hakuwahi kusubiri aambiwe karibu. Alipiga hodi tatu mfululizo, kama mtu anayegongelea msumari, na kufikia ya tatu alikuwa ameshavua ndala, ameshapita pazia, anatafuta kiti chenye miguu mizima. Hodi yake haikuwa ombi, ilikuwa taarifa. Amewahi kunikuta na povu la sabuni kichwani. Amewahi kunikuta nimelala mchana kweupe, wiki ileile niliyoutangazia mtaa mzima kwamba nashinda naandika. "Endelea tu," aliniambia, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nasikia riwaya huanzia usingizini."

Naanza na hodi yake kwa sababu hata mambo ya kisima cha Mwamapalala, yaliyokaribia kumwangusha mbele ya watu, yalipita mlango huohuo.

Alitufundisha Fizikia hapa Bariadi, mimi na watu wengi ambao leo wamekaa nyuma ya meza za ofisi za mkoa wakijifanya hawajawahi kumwogopa mtu. Wenzake wakistaafu hununua ng'ombe, au hufungua duka la madaftari. Yeye alistaafu akaigeuza sebule kuwa karakana. Makochi yalisukumwa ukutani, na katikati ikawekwa meza yenye bodi za kijani ndogo kuliko kiganja, nyaya za kila rangi, betri, pasi ya kuchomea risasi ya kuungia nyaya, na kompyuta mpakato kongwe iliyoshikizwa bawaba kwa gundi ya karatasi. Kazi ikiisha alivifunika vyote kwa kitenge alichovaa siku ya kuagwa kwake shuleni. Mgeni akija aliwekewa kisahani cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kupewa onyo: "Kula, ila usiguse chochote chenye miguu mingi." Alimaanisha vile vidude vyeusi vilivyopandwa kwenye bodi, vyenye miguu kama jongoo. Paroko mmoja aliwahi kukaa kwake mchana mzima mikono ameibana kwapani.

Miwani aliifunga kwa waya wa chaja ya simu uliokatika. Simu yenyewe aliipokea kwa kusema "Sema" na kuikata alipoona ametosheka, hata kama mwenzake alikuwa katikati ya neno. Chai aliinywa ikiwa inachemka, akaungua ulimi, akailaumu chai. Kwenye bodaboda alianza kushuka kabla haijasimama, na vijana wa stendi walishajua kumshika kiwiko. Sijapata kuona mtu mwenye haraka namna ile ambaye alitufundisha kwa miaka yote kwamba kila kitu kina muda wake wa kupoa.

Jambo moja tu lilimpunguza mwendo, nalo ni salamu. Asubuhi shuleni, ukimwambia "Shikamoo" huku miguu inaendelea kutembea, ulisikia jina lako limeitwa nyuma. "Rudi. Umenitupia salamu kama mfupa." Ulirudi, ukasalimu tena, ukasimama. Ndipo alipokuwa na muda wote wa dunia. Alikutazama, akatazama mawingu, akavuta pumzi, kisha akakujibu "Marahaba" taratibu kama anayekukabidhi yai. "Anayesalimu anangoja," alisema. "Asiyengoja ametangaza." Kwa wale waliotoka vijijini alibadili, akawapa "Mwangaluka" ya Kisukuma, neno la asubuhi ambalo kwangu limebeba kuamka na kupambazuka kwa pamoja, na hapo alidai mzunguko mzima, mpaka habari za nyumbani na za ng'ombe. Kengele ililia, tukachelewa darasani, na aliyetuandika wachelewaji alikuwa yeye.

Niliwahi kumuuliza inakuwaje mtu adai salamu ingojewe, na mwenyewe hodi haingojei. Akasema hodi na salamu ni mada mbili tofauti, na mtihani ulishapita.

*

Hakupenda maneno ya kuazima kama angeweza kuyaundia dawa nyumbani. Ndani ya bodi zile huishi programu ndogo sana. Umeme unapoingia, prosesa, ule ubongo wa bodi, huwa kama mtoto aliyezinduliwa ghafla katika nyumba ya ugenini: haijui kumbukumbu iko upande gani, haijui izungumze kwa waya upi. Programu hiyo ndogo ndiyo ya kwanza kuishika mkono. Inaionyesha kumbukumbu, inafungua waya wa mazungumzo, inachungulia kama kuna binadamu anayetaka kusema neno, halafu inaita programu kubwa yenye kazi ya siku na kuiachia uwanja. Mafundi wa kompyuta huiita bootloader. Mwalimu alilikataa jina hilo asubuhi moja tu. "Buti gani? Mimi nimevaa buti kambini nikiwa kijana. Ziliniumiza, hazikuniamsha." Akaiita mwamshaji, na kuanzia siku hiyo aliyesema vinginevyo sebuleni kwake hakupata michembe.

Nilimwona mara nyingi akimtengeneza mwamshaji. Kwanza yalikuja maswali, orodha ndefu inayoshuka kwenye kioo: bodi ni ya aina gani, kumbukumbu inaanzia wapi, waya wa kuzungumzia uende kasi gani, angoje kwa muda gani kabla ya kuendelea. Aliyapitia kama mama anayekagua watoto kabla ya kwenda kanisani, huyu kola, huyu kucha. Kisha aliiamuru kompyuta iyageuze majibu hayo kuwa programu, mistari ikatiririka, na yeye akaenda jikoni kusonga ugali. Aliporudi, mwiko bado mkononi, alitazama mstari wa mwisho tu. "Imekubali," alisema, au "Imekataa," kwa sauti ileile aliyosomea matokeo yetu.

Kilichofuata ndicho kilichomnyamazisha. Kumwandika mwamshaji ndani ya bodi ni kazi ya muda mfupi, lakini katika muda huo bodi haina wa kuiamsha. Programu nyingine yoyote ikiharibika, mwamshaji yupo, atakufungulia uingie urekebishe. Yeye akikatikia njiani, umeme ukizimika au waya ukichomoka, bodi inabaki jiwe mpaka ing'olewe na kurudishwa mezani kwake kufufuliwa. Kwa hiyo wakati wa kuandika hakuna aliyeruhusiwa kuongea, wala kutafuna. Michembe ina kelele.

"Mwamshaji mzuri hafanyi kazi ya mtu," aliniambia mara moja, tukisubiri. "Anamwamsha mwenye kazi, halafu anapisha." Nilidhani anazungumzia bodi. Kumbe alikuwa amesoma mswada wa riwaya yangu ya kwanza, niliouacha mezani kwake nikiogopa kumuuliza. "Wewe ukurasa wa thelathini bado unaamsha. Jua limechomoza mara nne, ndege wameimba, na huyo binti hajatoka kitandani. Pisha." Nilinuna siku kadhaa. Kisha nikafuta jua tatu.

Lakini na yeye hakujua kupisha. Amestaafu, ndiyo, ila Bariadi nzima bado ilikuwa darasa lake. Alimsahihisha karani wa benki namna ya kushika kalamu. Alimsimamisha mkuu wa idara mbele ya ofisi yake, akamuuliza kwa nini anatembea kama mtu asiyejua kanuni ya mhimili. Tuliamka zamani, Mwalimu, na bado uko mlangoni unatuuliza kama tumenawa.

*

Kisima cha kijiji cha Mwamapalala ni kisima kirefu chenye pampu ya sola, tanki juu ya nguzo, bomba la watu, na birika la kunyweshea ng'ombe. Zamani pampu iliwashwa kwa swichi na mlinzi, naye aliwasha akiamka. Siku nyingine alikumbuka kuzima, siku nyingine pampu ilinguruma kisima kikiwa kimekauka, mpaka ikaungua. Kamati ya maji ilipopata pampu mpya, Mwalimu alijitolea kuwatengenezea kisanduku cha kuilinda. Kingepima maji kisimani na kwenye tanki, kingewasha na kuzima chenyewe. Jioni jua likizama kingezima na kulala, asubuhi jua likigusa paneli kingeamka.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwanafunzi wake wa dawati la nyuma. Kwenye mtihani wake mmoja Mwalimu aliwahi kuandika, kwa wino mwekundu, "Jina umelipatia." Mtu yule hakuwa amesahau. Siku kisanduku kinafungwa ndani ya kibanda cha kisima, alisimama pembeni mikono nyuma, akitabasamu kwa mbali.

"Mwalimu, leo mimi ndiye nashika kalamu nyekundu."

"Shika," alimjibu. "Angalia tu usije ukaikosea upande."

Mchana ule kila kitu kilikwenda sawa. Mwalimu alichomeka kompyuta, kisanduku kikaamka, akabonyeza kitufe cha kompyuta, pampu ikavuta, maji yakaruka birikani na ng'ombe wakasukumana kuyafikia. Wazee wawili waliotoka Kimali, mwendo wa mbali, waliomba na wao wafikiriwe kisanduku cha namna ile. Tulirudi mjini Mwalimu akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya tatu, ambayo si yake.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. "Sema," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuikata. Aliisikiliza mpaka mwisho.

Tulipofika tulikuta ng'ombe wanalamba saruji kavu ya birika. Watu walikuwa wamekaa kwenye ndoo zao. Mwenyekiti alisimama mlangoni pa kibanda.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka. Mhola? Ni salama?"

"Mhola kwa watu. Kwa ng'ombe uulize mwenyewe."

Mwalimu aliingia, akachomeka waya, akafungua kompyuta. Kioo kilikuwa cheusi, na juu kabisa kulikuwa na neno moja, na mbele yake alama ndogo inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Alilitazama kwa muda.

"Kinasemaje?" Mwenyekiti aliuliza.

Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu, tumesimama hapa toka giza. Kinasemaje?"

"Kinasema mwangaluka."

Mama mmoja mwenye ndoo ya bluu akasogea kuchungulia.

"Kinamsalimia nani?" alisema Mwenyekiti.

"Yeyote."

"Kwa hiyo toka jua linachomoza kinatusalimia, na sisi tunakitukana."

"Mimi nimekipiga na kandambili," alisema yule mama wa ndoo ya bluu. "Mara mbili."

Nikaelewa, na nikatoka nje ili nichekee nyuma ya kibanda. Mwamshaji wa Mwalimu alikuwa amefundishwa kusalimu kwanza, halafu angoje kujibiwa. Angoje bila kikomo. Sebuleni jambo hilo halikuwahi kuwa tatizo, kwa kuwa kila bodi iliposema mwangaluka, Mwalimu alikuwa hapo na kidole tayari, akaijibu kwa kubonyeza, nayo ikaendelea na safari. Alikipima kisanduku kile kwa joto, kwa vumbi, kwa betri hafifu. Haikumpitia kichwani kwamba duniani kuna mahali mtu husalimu asubuhi na akakosa wa kumwitikia.

Alibonyeza kitufe. Pampu ikaguna, maji yakaja.

"Na kesho nani atakiitikia?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mimi," alisema Mwalimu.

*

Akafanya hivyo kweli. Badala ya kumwondolea mwamshaji ule ungojaji, alipanda bodaboda kila alfajiri, koti la mvua juu, kitenge shingoni, akaenda Mwamapalala kuijibu salamu aliyoiandika mwenyewe. Dereva wake aliwaambia wenzake stendi kwamba Mwalimu ana ndugu kule, mgonjwa, haamki mpaka asalimiwe. Watu wakaanza kumpa pole.

"Ungemwambia tu aendelee," nilimwambia. "Si ni jibu moja katika yale maswali yako?"

"Wewe unafikiri nimeweka adabu pale kwa ajili ya urembo." Alikuwa amechoka, na akichoka alifafanua vizuri zaidi. "Ule muda wa kungoja ndio mlango pekee wa binadamu. Programu kubwa ikishaamka haimsikilizi mtu. Ikiwa na kosa, ikawa inawasha pampu kisima kikiwa kikavu, utaingilia wapi? Ni hapo tu, kabla haijaanza. Mashine isiyongoja kujibiwa, kesho haitangoja kuambiwa."

"Lakini ng'ombe, Mwalimu."

"Ng'ombe nawajua. Kunywa chai."

Ilikuja siku bodaboda ikapata pancha njiani. Mwalimu alifika jua limeshapanda, na ng'ombe kwa kiu walikuwa wamevunja boma na kuingia kwenye dengu za mtu. Mwenyekiti safari hii hakutabasamu. Nilikuwapo, kwa hiyo nayakumbuka maneno yake.

"Jumamosi kamati inakaa hapahapa kisimani, asubuhi, na wale wazee wa Kimali wanakuja kuangalia. Kisanduku kiamke chenyewe, au tunakifungua na kurudi kwenye swichi. Nasema kwa heshima, Mwalimu. Lakini nasema."

"Umesema vizuri," alimjibu. Njiani hakuimba.

Nilijua kisingeng'olewa kisanduku peke yake. Kimali wasingekitaka. Vijiji vingine vingesikia, na sebule ile ingerudi kuwa sebule, na Mwalimu angebaki mzee mwingine wa mjini anayesimuliwa kwa mzaha, yule aliyetengeneza mashine ya kusalimia. Hakuyasema haya. Aliacha tu kuwasahihisha watu, na mtaa mzima ukaanza kuwa na wasiwasi.

Ijumaa asubuhi, hodi, hodi, hodi, na amekwisha ingia. Mimi nilikuwa nimejifunga taulo, nikarudi nyuma ya mlango wa kabati.

"Nimefikiri," alisema, akivuta kiti. "Nitaweka kengele ya umeme na kitufe. Kisanduku kikisalimu, kengele inalia, mlinzi anakuja kubonyeza."

"Mlinzi yule aliyeunguza pampu?"

"Basi nitawafundisha watoto wa shule wapokezane."

"Mwalimu," nilisema kutoka nyuma ya kabati, "unaweza kuniambia ni lini nilikukaribisha?"

"Lini?"

"Leo. Au siku yoyote toka nihamie hapa."

Akatazama mlango. Pazia lilikuwa bado linacheza.

"Unapiga hodi tatu," nilisema. "Ukijibiwa, sawa. Usipojibiwa unaingia, na kazi yako unafanya, na chai unakunywa. Hakuna aliyekufa. Hicho kisanduku kina adabu kuliko aliyekitengeneza."

Alichukua kikombe changu, akanywa, akaungua, na safari hii hakuilaumu chai.

"Vaa," alisema. "Unachekesha. Vaa tuondoke."

*

Sebuleni kwake, kuyajibu upya yale maswali kulichukua muda mfupi. Pale penye kungoja alifuta jibu la zamani, akaandika tatu, akaguna. Mwamshaji mpya angesalimu, angewasha taa ndogo mara tatu taratibu, moja kwa kila hodi. Mtu akitaka kuingia katika nafasi hiyo, mlango upo. Asipotokea mtu, angeingia mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kumwandika. Betri ya kompyuta ya Mwalimu ilikuwa ya umri wake wa ualimu, na kule kibandani hapakuwa na mahali pa kuichajia. Tulifika mchana ikiwa inakaribia kukata. Jua lilipiga kioo, hakuna kilichosomeka, ikabidi nishike mwavuli juu ya kichwa chake kama mpambe wa bibi harusi. Mwenyekiti alisimama kwenye kizingiti.

"Ikizima katikati?" aliuliza.

"Unakuwa na jiwe zuri la kuzuia mlango," alisema Mwalimu. "Sasa nyamazeni."

Tukanyamaza. Alama ya betri ikawa nyekundu. Mstari ukaanza kujaa kwenye kioo, polepole, kama maji yanayopanda kwenye mtungi wenye ufa. Ng'ombe mmoja alilia kwa nje, na Mwalimu, bila kugeuka, alimnyooshea kidole. Nilimwona mkono wake wa kushoto umekamata waya pale unapoingia kwenye kisanduku, ameukamata kama mtu anayemshika mtoto kwenye daraja. Mstari ulijaa. Aliandika amri fupi ya kuhakikisha, likaja jibu, na kabla sijalisoma kioo kikawa cheusi. Kompyuta ilikuwa imekata roho.

"Ilikubali?" nilimuuliza.

"Nadhani ilikubali."

"Unadhani?"

"Miwani ilikuwa na jasho."

Hakuweza kujua mpaka kisanduku kilale na kuamka tena asubuhi.

Jumamosi kamati ilikuwapo yote, na wazee wa Kimali kwenye mabenchi, na watu na ndoo zao, na ng'ombe. Mwalimu alikuwa ametoa amri moja: kisanduku kikisalimu, mtu yeyote asiitikie. Alitaka kuona kitafanya nini kikiachwa peke yake. Kompyuta ya kubonyezea haikuwepo, na kisanduku hakina masikio, kwa hiyo amri ile haikuwa na maana yoyote ya kisayansi. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Jua likagusa paneli. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha ndani ya kibanda taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Hiyo ndiyo mwangaluka," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini. "Nyamazeni."

Sijawahi kuona watu wakiteseka namna ile. Wamesalimiwa asubuhi, mbele ya wageni, na wamekatazwa kujibu. Mzee mmoja wa Kimali alifunika mdomo kwa kofia. Mama wa ndoo ya bluu alikuwa anatikisa kichwa kama mwenye jino bovu. Taa ikazima, ikawaka tena. Mwenyekiti alikohoa kikohozi ambacho, ukikisikiliza vizuri, kilikuwa na silabi nne. Ikazima, ikawaka mara ya tatu, ikazima.

Halafu giza la kibanda, na uso wa Mwalimu ambao sikuweza kuutazama.

Pampu ikaguna. Bomba likatetemeka, likatema hewa, likatema udongo, likatoa maji.

Watu walianza kusalimiana wote kwa pamoja, kama waliokuwa wameshikilia pumzi chini ya maji. Mwenyekiti alimwendea Mwalimu, akasimama mbele yake wima, miguu pamoja, kama zamani.

"Mwalimu, jina umelipatia," alisema. "Na swali pia."

*

Sasa amepunguza mwendo. Ana fimbo, magoti hayamtii, na sikio moja linasikia linachotaka. Kimali wana kisanduku chao. Juzi, kiangazi hiki, aliniambia nimpeleke Mwamapalala alfajiri, anataka kusikiliza pampu, maana ameota inakoroma.

Tulifika kabla ya jua. Alikataa kukaa. Alisimama mlangoni pa kibanda, fimbo mbele, mikono miwili juu yake. Yule mama wa ndoo ya bluu alikuwa wa kwanza kisimani, tukasalimiana mzunguko mzima, watoto, mvua, dengu. Kukapambazuka. Taa ya kijani ikawaka.

"Mwangaluka," yule mama alikiambia kisanduku, huku anasuuza ndoo. Hakugeuza hata kichwa. Nyuma yake mzee aliyekuja na ng'ombe naye akasema mwangaluka, na msichana mwenye madumu, na mwingine.

Mwalimu akavuta pumzi. Niliijua pumzi ile. Ilikuwa ya kusahihisha.

"Mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hakihitaji kujibiwa siku hizi. Kinaendelea chenyewe."

"Najua. Mwenyekiti alitueleza."

"Hakisikii. Ni taa tu."

"Najua, Mwalimu."

"Sasa mbona unakijibu?"

Mama akamtazama kwa mshangao wa upole, kama mtu aliyeulizwa kwa nini ananawa kabla ya kula.

"Kimenisalimia," alisema.

Pampu ikaguna, maji yakaja, akatega ndoo. Mwalimu aliendelea kusimama. Nilingoja asahihishe, maana hapo palikuwa na kosa la wazi la Fizikia, na ng'ombe wote walikuwa mashahidi. Hakusahihisha. Ila ndoo ilipokuwa inajaa, alikigeukia kisanduku, niliona midomo yake ikicheza, na kwa kuwa sikio lake moja limekufa hakujua kwamba alichosema kilisikika mpaka kwangu.

Kutoka hapo tulipita kwa Mwenyekiti kumjulia hali. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Mwalimu alipiga hodi. Akapiga ya pili. Mimi nikainama kumshikia ndala, maana namjua, lakini hakuvua. Alisimama ameegemea fimbo, kichwa amekiinamisha upande wa sikio zima, anasikiliza. Upepo ulipita kwenye mahindi makavu. Kuku alivuka ua, akafika upande wa pili. Kwa Mwalimu ule ulikuwa muda wa kuzeeka.

Kisha akapiga ya tatu, akasukuma mlango, akaingia.

"Mwalimu," sauti ya Mwenyekiti ilitoka ndani, "nivae shati kwanza."